Kaa chonjo, kuwa macho, chukua tahadhari: kwanini siyo kitu kimoja

Swali hili linarudi kila mara, na mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye Kiswahili anakijua vizuri tu: "kaa chonjo" maana yake hasa ni nini, ni sawa na "kuwa macho", na mtu akisema "chukua tahadhari" si amesema kitu kilekile kwa urefu zaidi? Jibu fupi ni kwamba haya maneno ni ndugu ila hayafanyi kazi moja, na ukiyachanganya unaweza ukampa mtu onyo ambalo halimsaidii chochote. Mimi naona hili ni jambo zito kuliko watu wanavyolichukulia, maana haya ndo maneno tunayotumia kuambiana habari za mafuriko, matapeli, magonjwa na wezi, na neno likishachoka na onyo lenyewe linapita tu kama halijasemwa.

Tuanze na chonjo lenyewe. Kwenye sarufi ni neno la peke yake kidogo, halitembei bila kubebwa. Husemi "mtu mchonjo", husemi "uchonjo", wala hakuna kitenzi cha kuchonjoka. Linataka kitenzi cha kulishika na karibu kila mara kitenzi hicho ni kukaa au kuwa: kaa chonjo, kaeni chonjo, tulikuwa chonjo usiku kucha. Umoja na wingi havilibadilishi. Na huko kukaa siyo kukaa kwenye kiti, ni kubaki katika hali fulani, kama tunavyosema kaa kimya, kaa tayari, au ile ya mtaani kaa mkao wa kula. Ndo maana mlinzi aliyesimama wima getini unaweza ukamwambia akae chonjo na hakuna anayeona umekosea.

Sasa ndani ya chonjo kuna vitu viwili vinaenda pamoja: kuna kitu kinakuja, na mwili wako umeshajipanga kukipokea. Kipa wakati kona inapigwa yuko chonjo. Mama aliyeambiwa leo maji ya bomba yanatoka mgao wa jioni, akapanga ndoo zake tangu saa tisa na sikio liko kwenye koki, huyo yuko chonjo. Na hapo unaona kitu ambacho wengi hawakigundui, kwamba chonjo halidai hatari. Msanii akiandika "kaeni chonjo, Ijumaa naachia ngoma mpya" mashabiki wanaelewa mara moja, wanangoja kitu kizuri. Jaribu kuweka tahadhari mahali hapo, "chukueni tahadhari, Ijumaa naachia ngoma mpya", sentensi inaharibika kabisa, kwa sababu tahadhari haiwezi kukaa na jambo jema.

Ila chonjo lina upande mwingine. Likitoka kwa mtu mwenye hasira, "wewe kaa chonjo tu", hicho ni kitisho, anakwambia nakuja. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni sauti, na kwenye meseji sauti haisikiki, kwa hiyo ukimwandikia mtu kaa chonjo mmalizie na sababu, kaa chonjo mzigo wako unafika saa kumi, usimwache mwenzio anajiuliza amekukosea nini.

Jambo la mwisho kuhusu chonjo ni muda, na hili kwangu ndo kubwa. Chonjo ni la muda mfupi. Hakuna anayeweza kuishi chonjo, mwili unachoka. Kiongozi anaposimama akasema "wananchi wakae chonjo" halafu asiseme kwa kitu gani wala mpaka lini, siku ya kwanza watu wanashtuka, siku ya tatu wamerudi kwenye mambo yao, na siku ya kumi kitu kikitokea kweli wanaonekana wazembe wakati aliyewaambia ndo hakuwapa muda wala kitu cha kungojea. Kuna ndugu yake wa karibu, "kaa ange", maana ni ileile, utalisikia zaidi kwa watu wazima, na lenyewe pia halibebi viambishi vyovyote.

Kuwa macho ni habari nyingine. Asili yake ni kitu cha kawaida kabisa, kutokulala. Unampigia mtu saa tano usiku unamuuliza "uko macho?", hapo huulizi kama amejipanga na adui, unauliza kama bado hajalala uongee naye. Kutoka hapo lugha ikapiga hatua, kulala ikawa ndo uzembe na kuwa macho ikawa ndo akili: usilale, ukilala umeachwa, acha kulaza damu. Ile methali ya aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe, haina habari na kitanda hata kidogo, inaongelea mtu ambaye hajajua kuna faida mahali na wewe unayejua unaambiwa unyamaze. Kwa hiyo kuwa macho ni hali ya kichwani, ni kuelewa kinachoendelea kukuzunguka, na tofauti na chonjo inaweza ikadumu. Mfanyabiashara wa Kariakoo yuko macho mwaka mzima, hana kitu kimoja anachokingoja, anaangalia bei, anaangalia mteja, anaangalia noti aliyopewa, anaangalia na mkono wa aliyesimama nyuma ya mteja.

Watu wengine wanaingiza na kukesha hapa kwa sababu linahusu kutolala. Kwenye Biblia ya Kiswahili "kesheni" limetumika kweli kwa maana ya kujiweka tayari, na waumini wengi wamelizoea kwa maana hiyo. Lakini mtaani kukesha ni kumaliza usiku bila kulala, basi, kuna mkesha wa Krismasi, kuna mkesha wa Mwenge, kuna aliyekesha msibani na kuna aliyekesha baa, na huyo wa mwisho unaweza ukamkuta amekesha na wala hayuko macho. Ukitaka neno la watu wanaokesha kwa ajili ya usalama tumia lindo au doria, na huko Usukumani na Unyamwezini tangu miaka ya mwanzo ya 1980 wana sungusungu, vikundi vya wanavijiji waliojipanga wenyewe kupambana na wizi wa ng'ombe, jina likatoka kwa wale siafu wakubwa weusi wanaouma vibaya. Siku hizi maeneo mengi wanasema ulinzi shirikishi.

Haya, tahadhari. Hili limetoka kwenye Kiarabu pamoja na hadhari, jihadhari na tahadharisha, ukoo mmoja wote, maana yake ya ndani ni kujikinga na kitu chenye madhara. Kuna mtego mdogo wa kuandika hapa. Kiarabu kina herufi zaidi ya moja ambazo Kiswahili kilizipokea zote kama dh, kwa hiyo hadhari ya kujikinga ikafanana sana na hadhara ya mkutano wa hadhara, ambayo ukoo wake ni ule wa kuhudhuria na mhadhara. Hazihusiani kabisa. Ndo unakuta mtu kaandika "mkutano wa hadhari" na mwingine kaandika "kuwa na hadhara na wezi". Halafu wapo wa taadhari, tahadhali na tahazari. Kwenye meseji ya haraka tutaelewana, ila kwenye bango la barabarani linalosomwa na watu elfu kwa siku naomba jamani liandikwe tahadhari.

Ila uzito wa neno uko kwenye kitenzi chake. Chonjo unakaa, macho unakuwa, tahadhari unachukua. Yaani sarufi yenyewe inakwambia kwamba tahadhari ni jambo la kufanya kwa mikono, siyo hali ya kukaa nayo. Ukimwambia mtu achukue tahadhari ana haki kabisa ya kukuuliza, nichukue ipi? Wahenga walilijua hilo. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali haikusema zako ziangalie, wala zako zifikirie, imesema tia maji, kuna kitendo hapo na unajua kabisa ufanye nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, hivohivo, ziba. Na ile fupi ya tahadhari kabla ya hatari inapanga foleni, kitendo kwanza, hatari baadaye, kwa sababu ukichukua tahadhari baada ya hatari hiyo siyo tahadhari tena, ni uokoaji.

Jihadhari lina kazi yake maalum, linamtaja adui. Linafuatwa na "na": jihadhari na matapeli, jihadhari na mbwa. Kile kinachokuja baada ya na ndo chenye kuumiza, hakuna utata. Likumbuke hilo maana tutalihitaji mbele.

Wanaolitumia neno tahadhari kwa mizani kabisa ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Ukifungua ramani yao ya siku tano utakuta rangi, kijani hakuna tahadhari, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu wengi wanasoma haraka, wanaona mvua, wanasema "TMA wametoa tahadhari" hata kama siku hiyo ilikuwa njano tupu. Angalizo na tahadhari siyo sawa. Angalizo limetoka kwenye kuangalia, linakwambia kuna kitu hapa usikipite bila kukiona. Mtu akikuachia begi stendi ya Mbezi akakwambia "niangalizie mzigo wangu naenda chooni mara moja", hajasema kuna mwizi amemwona, amesema jicho lako lisitoke hapo. Tahadhari ni hatua ya juu zaidi, kitu kimesogea na inabidi ufanye kitu. Na taarifa zao hazikomei kwenye rangi, zinasema uwezekano wa kutokea ni mdogo, wastani au mkubwa, halafu zinataja athari, mfano baadhi ya makazi kuzungukwa na maji au shughuli za uvuvi na usafiri wa baharini kusimama. Hiyo sehemu ya athari ndo yenye faida kuliko rangi yenyewe, na ndo sehemu ambayo ikifika kwenye magrupu ya WhatsApp inakatwa, kinabaki kichwa cha habari na herufi kubwa.

Tuliona tofauti kwa vitendo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja. TMA walikuwa wanatoa taarifa moja baada ya nyingine, kiko wapi sasa, kina upepo kiasi gani, kinaelekea mikoa ipi, na tarehe 4 Mei kikafika kisiwa cha Mafia. Boti za Dar na Zanzibar zilisimama. Wavuvi waliambiwa wasiingie baharini. Mvua yake ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Somanga huko Kilwa, na magari yalikwama siku kadhaa. Sasa uangalie maneno yalivyofanya kazi: mvuvi wa Mafia aliyevuta mtumbwi wake juu alichukua tahadhari, watu wa Dar waliokaa na simu wanafuatilia kimbunga kimefika wapi walikuwa chonjo, na vyote viwili vilihitajika ila ni cha kwanza tu kilichookoa chombo.

Miaka mitatu nyuma, Aprili 2021, kulikuwa na kimbunga Jobo, kikalegea kabla hakijafika pwani. Baada ya hapo nilisikia watu wengi wakilalamika, walitutisha bure, mbona hakuna kitu. Haya malalamiko yanatokana na kulielewa neno vibaya. Tahadhari siyo ahadi kwamba hatari itafika. Ni maandalizi ya hatari inayoweza kufika, na isipofika umeshinda. Aliyetia maji kichwani halafu kinyozi asije hajapoteza kitu zaidi ya maji.

Sasa nije kwenye neno ambalo naona limeyafunika yote haya, makini. Asili yake kwenye Kiarabu ni kitu kilichosimama imara, na kwa Kiswahili cha zamani mtu makini alikuwa mtu mtulivu, hapapatiki, anayepima maneno yake. Ni neno zuri sana. Siku hizi limekuwa la kila kitu, kuwa makini na barabara, kuwa makini na afya yako, kuwa makini na huyo dada, na hata tangazo la ofisi likikosa la kusema linamalizia na "kuweni makini". Sina ugomvi na neno lenyewe, lugha inakua. Shida ni hiyo "na" yake ambayo ina nyuso mbili. Chukua "kuwa makini na watoto". Kipindi cha mvua, mitaro imejaa, maana yake watunze watoto. Ukiwa umeshika simu sokoni na kuna vijana wadogo wanazunguka, maana yake watoto hao ndo wezi. Sentensi moja, mtoto mara ni wa kulindwa, mara ni wa kukwepwa. Ukisema "jihadhari na watoto" hakuna anayekosea, na ukisema "waangalieni watoto" vilevile hakuna anayekosea. Onyo halitakiwi kuwa na maana mbili, mtu anasoma akiwa anatembea.

Mfano ambao unatugusa karibu wote ni zile meseji za utapeli. "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Meseji yenyewe fupi, haina salamu, haina jina la aliyetuma, na inaonekana ya kijinga mpaka uiangalie kwa utulivu. Angalia neno "ile". Kwa Kiswahili "ile hela" ni hela ambayo mimi na wewe tunaijua, tulishaiongelea. Tapeli hakujui wala hajui chochote kuhusu hela zako, anatuma kwa maelfu ya namba, ila kati ya hao elfu lazima yupo ambaye leo asubuhi kaahidi kumtumia mtu kodi ya nyumba au hela ya mchango, na kwake huyo "ile" inafunga kabisa, ubongo unamalizia wenyewe hadithi. Halafu "jina litakuja fulani" inaua kinga ya mwisho, kwa sababu simu huwa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, na hapo ndo ungeshtuka kuona jina geni, lakini umeshaandaliwa kulikuta.

Mtu wa namna hii ukimwambia "kuwa macho" umemwambia nini? Alikuwa macho, alisoma meseji vizuri, alikumbuka deni lake, alilipa. Alichokosa ni kitu cha kufanya. Mwambie hivi: ukipata meseji ya kutuma hela kwenye namba mpya, mpigie mhusika kwa ile namba yake ya siku zote umsikie sauti kabla hujatuma hata shilingi, na meseji ya tapeli ipeleke namba 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hapo umempa tahadhari. Nimependa sana TCRA walipoita kampeni yao Sitapeliki, maana ni neno la Kiswahili chenyewe na linamweka mtu katikati, mimi ndiye nisiyetapelika, na tabia hiyo kwa Kiswahili cha siku zote inaitwa hadhari: mwenye hadhari hangoji tangazo, kuhakiki ni kawaida yake.

Na hata kwenye grupu la mtaa ni hivohivo. "Wakazi tuwe makini sana nyakati hizi" inasomwa na kusahaulika kabla ya chakula cha jioni. Linganisha na "kuna watu wanagonga mageti saa mbili usiku wakisema ni mafundi wa umeme, usifungue, piga kwanza kwa mwenyekiti". Hakuna neno macho humo, hakuna chonjo, hakuna makini, na kila aliyesoma anajua afanye nini geti likigongwa.

Kenya wao wana njia zao. Mtu akitaka kukuonya ghafla anasema "chunga!", chunga gari, chunga usianguke, na "jichunge" ndo jihadhari ya kila siku. Bara kwetu chunga inaelekea zaidi kwenye mifugo ingawa chunga mdomo wako tunasema pia. Vijana wa Nairobi wana "kaa rada", imetoka kwenye mtambo wa rada, na kimuundo ni chonjo kabisa, inabebwa na kaa, haibadiliki, na inaweza kuwa ya heri au ya shari. Tofauti ni kwamba rada imepanuka mpaka ikawa na maana ya mpango au hali ya mambo, kwa hiyo mtu anaweza kukusalimia "niaje, rada?" na hakuna hatari yoyote hapo.

Upande wa Kongo utasikia "angalisho", kuwa na angalisho, na ukoo wake unauona mwenyewe, ni kuangalia ileile iliyozaa angalizo. Watu wa Goma wanajua habari hizi kuliko wengi wetu kwa sababu wanaishi chini ya mlima Nyiragongo, ambao ulilipuka 1977, 2002, na tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mji una bendera za rangi za kuonyesha hali ya mlima, kutoka kijani mpaka nyekundu, na watu wake wameuzoea ule mwanga mwekundu juu ya mlima usiku, wanautazama kila siku. Yaani kwa habari ya kuwa macho hawana deni. Lakini usiku ule wa Mei hakuna amri ya kuhama iliyotangulia, watu walitoka mbio walipoona moto wenyewe unashuka, wengine kuelekea Rwanda kwa miguu na watoto mgongoni. Siku tano baadaye, tarehe 27, wakati ardhi bado inatetemeka, serikali ilitangaza sehemu fulani za mji zihame, ikazitaja, ikasema watu waelekee Sake. Macho ya watu yalikuwa yaleyale siku zote mbili, ila mara ya pili waliambiwa nani aondoke na aelekee wapi.